Pikapu Inayokula Mafuta: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lushoto

Mmiliki wa gari hili ni mfanyabiashara wa mazao wa Lushoto, mkoani Tanga. Gari lenyewe ni Toyota Hilux yenye injini ya petroli ya lita 2.7, ile ambayo mafundi huiita 2TR, na kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na viazi hadi Korogwe kisha kupanda tena mlimani. Malalamiko yake alipolileta gereji yalikuwa mafupi: zamani lita moja ilimpeleka kilomita 9, sasa haifiki 6. Mtuhumiwa alikuwa amekwisha kupatikana, naye ni dereva, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akikatwa posho ili kufidia mafuta aliyodhaniwa kuyanyonya.

Jambo la kwanza nililoomba halikuwa ufunguo wa gari bali daftari la matumizi. Ndani yake kila mstari ulikuwa na tarehe na fedha: mafuta 60,000, mafuta 40,000, mafuta 70,000. Lita hazikuandikwa mahali popote, na si ajabu, kwa kuwa wengi wetu tukifika sheli hutaja fedha, si ujazo. Tatizo ni kwamba bei kikomo ya mafuta hutangazwa upya na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tena hutofautiana wilaya kwa wilaya kutokana na gharama za usafirishaji. Kwa hiyo 60,000 ya mwezi huu na 60,000 ya mwezi ule si kiasi kimoja cha petroli, na aliyejaza Korogwe hakujaza kwa bei ya Lushoto. Daftari la fedha humweleza mtu jinsi mfuko wake unavyotoboka, ila haliwezi kumweleza kama injini imebadilika.

Kilichookoa kazi ni risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi. Dereva alikuwa akizisukumia kwenye kisanduku cha dashibodi, na ingawa baadhi yake zilikuwa zimefifia kwa joto hadi zikabaki karatasi nyeupe, zilizosalia zilitosha kupata lita za kipindi cha zamani na za kipindi cha karibuni. Hesabu ilipofanywa kwa lita, picha ilibadilika kidogo: hapo awali gari lilikuwa likienda kilomita 8.6 kwa lita, si 9, na sasa lilikuwa likienda 6.4. Hasara bado ilikuwa kubwa, lakini angalau sasa ilikuwa na kipimo.

Kabla ya kugusa boliti yoyote tulipima upya kwa njia ya kujaza hadi kujaza, yaani tangi linajazwa mpaka pampu ikate yenyewe, gari linafanya kazi yake ya kawaida, kisha linajazwa tena kwenye pampu ileile na kusimama upande uleule. Mtu asipime kwa safari fupi. Pampu inaweza kukata mapema au kuchelewa kwa lita nzima, na lita moja katika lita 20 ni kosa la asilimia 5, ilhali katika lita 60 halifiki asilimia 2. Matokeo yaliafikiana na risiti, kwa hiyo niliyaamini.

Hapo ndipo matairi yalipoingia katika maelezo. Gari lilikuwa na matairi ya 255/70R15, na mmiliki, kwa kuchoka kukwama kwenye njia za vijijini wakati wa masika, alikuwa amefunga ya 265/70R16 pamoja na rimu zake. Kipenyo cha tairi la kwanza ni milimita 738. Cha la pili ni milimita 777. Tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 5, na kwa kuwa kilomita za dashibodi hutokana na mizunguko ya magurudumu, gari linalosema limekwenda kilomita 100 kwa kweli limekwenda 105. Tulilinganisha na GPS ya simu kwenye barabara kuu kati ya Mombo na Korogwe, na tofauti ikajitokeza vilevile. Kilomita 6.4 kwa lita zilikuwa, kwa hakika, 6.7.

Kuanzia hapa nitatumia lita kwa kilomita 100, kwa sababu kilomita kwa lita hazijumlishiki wala hazitoleki, na kisa hiki kilihitaji kujumlisha na kutoa. Zamani gari lilitumia lita 11.6 kwa kilomita 100. Kwa mujibu wa dashibodi sasa lilitumia 15.6, na kwa kilomita za kweli 14.8. Maana yake ni kwamba katika lita 4 ambazo mmiliki aliamini zinapotea, sehemu moja ya tano haikupotea kabisa. Ilikuwa hasara ya kwenye dashibodi tu. Lita 3.2 zilizobaki zilikuwa za kweli na zilidai maelezo.

Suala la wizi lilibidi limalizwe mapema, kwa sababu lisipomalizwa hakuna atakayesikiliza habari za injini. Mafuta yanayonyonywa yana tabia yake: hupungua kulingana na nafasi aliyoipata mnyonyaji, hasa gari linapolala mbali na nyumbani, na hayajali kama asubuhi ilikuwa ya baridi au safari ilikuwa fupi. Risiti zilionyesha kinyume chake. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika zile siku ambazo gari lilizunguka vijijini alfajiri kukusanya mzigo, likisimama na kuwashwa mara kwa mara, na ilikuwa nafuu kidogo katika safari ndefu za moja kwa moja. Ili pasiwe na shaka, tangi lilijazwa mbele ya mmiliki, kifuniko kikabandikwa karatasi yenye sahihi yake, na mdogo wake akaendesha njia ileile. Ulaji ulikuwa uleule. Mafuta yaliyochakachuliwa nayo yaliondolewa kwenye orodha bila kelele, kwani gari lilikuwa limejazwa katika vituo tofauti vya miji miwili na tofauti haikuonekana.

Mafundi wawili walikwisha kulishika gari hili kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akabadilisha chujio la hewa na kusafisha koo la kuingizia hewa, na mmiliki alilipa mara zote mbili. Chujio la hewa hustahili neno moja, kwa kuwa ndilo linalolaumiwa kwanza karibu kila gereji. Katika magari ya zamani ya kabureta lawama hiyo ilikuwa na haki yake. Katika injini ya sindano, yaani inayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli kulingana nayo. Chujio likiziba gari huwa zito kuchanganya mwendo, lakini ulaji haubadiliki sana. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 2009, na mtu anayeuza chujio kwa ahadi ya kuokoa mafuta angefanya vyema kuvisoma. Plagi, hata hivyo, zilikuwa na jambo la kutueleza. Zile mpya zilizofungwa na fundi wa kwanza nilizikuta zimeshapaka masizi meusi makavu, ishara kwamba injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa yake. Fundi alibadilisha shahidi bila kumhoji.

Kazi ya gari nayo ilikuwa imebadilika, jambo ambalo mmiliki hakulitaja mpaka alipoulizwa. Zamani pikapu ilikuwa ikishuka na mzigo na kupanda tupu. Baada ya kufungua duka, ilianza kupanda na saruji na unga. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, na barabara hupanda karibu mita 1,000. Kuinua gari lenye uzito wa tani 2 hadi kimo hicho huhitaji nishati ya megajuli zipatazo 20. Injini ya petroli ikigeuza robo tu ya mafuta kuwa kazi, na lita moja ya petroli ikiwa na megajuli kama 32, kupanda peke yake kunameza lita 2 na nusu kabla ya kuhesabu msuguano wa barabara. Mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 huongeza lita 0.6 kwa kila mpando. Katika safari ya kwenda Korogwe na kurudi, ambayo inakaribia kilomita 150, hiyo ni kama lita 0.4 kwa kila kilomita 100, na hakuna fundi wa kuiondoa. Upande wa mazao nilijaribu kuukadiria nikashindwa, kwa kuwa daftari lilihesabu magunia, na gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo, ni gunia kwa jina tu.

Mteremko haurudishi kilichotumika kupandia. Unachofanya ni kuipumzisha injini na kuzitesa breki. Na hapa nikagundua kwamba mmiliki, katika kubana matumizi, alikuwa amemwagiza dereva ashuke kutoka Lushoto akiwa ameweka nyutro. Agizo hilo ni baya mara mbili. Gari la sindano likishuka likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa, ilhali kwenye nyutro injini lazima iendelee kunywa ili isizime. Na bila injini kusaidia kushika gari, uzito wote wa kabichi unaning'inia kwenye pedi za breki, kona baada ya kona, katika barabara ambayo upande mmoja ni ukuta wa mwamba na wa pili ni bonde.

Kupima breki zinazokamata baada ya mteremko kama huo hakuna faida, maana magurudumu yote huwa ya moto. Tulisubiri zipoe Mombo, tukaendesha kwenye barabara tambarare kilomita kadhaa, kisha dereva akaliacha gari lisimame lenyewe pasipo kukanyaga breki. Rimu ya mbele kushoto ilishikika kwa kiganja. Ya kulia haikushikika hata kidogo, na ilitoa ile harufu kali ya pedi zilizoungua. Gari liliponyanyuliwa kwa jeki, gurudumu la kushoto lilizunguka kwa msukumo wa mkono mmoja na kuendelea. La kulia lilikwenda robo mzunguko likagoma. Tulipofungua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, mipira ya kuzuia vumbi ilikuwa imekakamaa na kupasuka, na pistoni mbili zilikuwa zimeota kutu, zikisukumwa zinatoka lakini hazirudi. Sitadai kwamba nyutro peke yake ndiyo iliyoua kalipa hiyo, ila sioni kitu kingine kilichokuwa kikizitia breki hizo moto wa namna ile kila safari. Upepo wa matairi nao ulikuwa psi 24 mahali palipotakiwa 34, jambo linaloongeza ulaji kwa asilimia 2 hivi.

Tulitengeneza kalipa na kujaza upepo kwa pamoja, kwa kuwa gari lenye breki inayokamata si la kurudishwa barabarani kwa ajili ya utafiti. Kwa sababu hiyo siwezi kutenganisha mchango wa kila kimoja, lakini kwa pamoja viliushusha ulaji kutoka lita 14.8 hadi 13.6. Mmiliki alitaka tuendelee na kila kitu siku ileile. Nilikataa. Ukibadilisha vitu vinne kwa mkupuo na gari likapona, utakuwa umelipia vinne bila kujua ni kipi kilichokuwa kikiumwa, na likiugua tena utalipia vyote vinne upya.

Masizi ya plagi yalikuwa bado hayajajibiwa, na jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari asubuhi ya Julai, Lushoto ikiwa kwenye baridi yake, nikamwambia dereva afungulie hita.

“Fundi, hiyo tangu mwaka jana inapuliza uvuguvugu tu,” akasema.

“Bosi anajua?”

“Hita haileti hela, fundi. Ningemwambia ya nini?”

Hita ya gari hupata joto lake kutoka maji ya injini. Ikipuliza uvuguvugu baada ya injini kutembea kwa muda, ama maji hayafiki kwenye hita au hayana moto wa kutosha. Nilitazama mshale wa joto: ulikuwa chini kidogo ya katikati, na mtu angeweza kuapa kwamba hali ni njema. Lakini mshale wa magari mengi ya siku hizi umetengenezwa utulie katikati katika nyuzi nyingi za joto ili usimtishe dereva, kwa hiyo ukishuka chini ya mahali unapotulia kwa kawaida, hata kidogo, huenda maji yamepoa sana. Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kilithibitisha: kwenye tambarare ya barabara kuu maji yalikuwa nyuzi 64, na katika mteremko wa kwenda Mombo yalishuka chini ya 50. Injini hii inapaswa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu. Kompyuta haikuwa imehifadhi msimbo wowote wa hitilafu, na kwa mafundi wengi uchunguzi huishia hapo. Upo msimbo wa hali hii, P0128, unaojulikana sana katika magari ya soko la Marekani, lakini si kila gari linalouzwa kwetu limewekewa ukaguzi huo. Taa ya injini isiyowaka si cheti cha afya.

Tulipofungua nyumba ya thamostati tulikuta imebaki nyumba tu. Mwaka uliopita gari lilichemsha likipanda, na fundi wa wakati huo aliing'oa thamostati, akajaza maji ya bomba, akamwambia mmiliki kwamba nchi ya joto haina haja ya kitu kile. Maneno haya yamesemwa katika gereji nyingi kiasi kwamba yanasikika kama elimu. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, na baada ya hapo kuyaruhusu kwa kipimo. Isipokuwapo, maji huzunguka kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, na kompyuta, ikisoma nyuzi 50 au 60, huamini kwamba gari ndiyo kwanza limeamka, ikaendelea kuongeza petroli kama inavyofanya asubuhi. Sehemu ya petroli hiyo haiungui vizuri kwenye kuta baridi za silinda; hushuka hadi kwenye oili. Kijiti cha kupimia oili kilipochomolewa kilinuka petroli waziwazi, na oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho ingawa hakuna aliyeiongeza. Mmiliki alikuwa amefurahia jambo hilo, akidhani injini yake haili oili.

Hata kuchemsha kwenyewe hakukuponywa. Katika injini nyingi za muundo huu thamostati pia hufunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo gari huwa baridi kupita kiasi likiwa jepesi na hukosa ubaridi linapoelemewa. Ndiyo sababu dereva alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya mpando na kuacha injini ikinguruma ili ipumue, akiunguza petroli huku gari halisogei. Chanzo cha kuchemsha kwa mara ya kwanza kilikuwa bado kipo: matundu ya rejeta yalikuwa yamezibwa na tope kavu na mbegu za majani kwa upande wa ndani usioonekana mtu akitazama kutoka mbele, na kifuniko chake kilikuwa na springi iliyolegea isiyoweza tena kushikilia mgandamizo.

Rejeta ilitolewa ikaoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi yasije yakapinda mapezi yake, kifuniko kikabadilishwa, thamostati mpya inayoanza kufunguka karibu nyuzi 82 ikafungwa, kulenti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, ikajazwa badala ya maji matupu, na oili iliyochanganyika na petroli ikamwagwa. Gari lilipanda kutoka Mombo na mifuko ya saruji bila kusimama njiani, joto la maji likicheza kati ya nyuzi 84 na 93. Ulaji ulishuka kutoka lita 13.6 hadi 12.2, na plagi zilipotolewa baadaye zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu.

Kati ya 12.2 na ile 11.6 ya zamani imebaki lita 0.6. Kama 0.4 ni saruji na unga vya dukani, na kilichosalia nakihesabu kwa matairi, ambayo ni mazito zaidi na yameifanya kila gia kuwa ndefu, hata dereva hulazimika kurudi gia ya pili mahali ambapo zamani ya tatu ilitosha. Mmiliki hakukubali kurudisha matairi ya zamani, na kwa njia anazopita wakati wa mvua sikuona sababu ya kumshinikiza. Agizo la nyutro ameliondoa, na posho aliyokata ameirudisha. Daftari sasa lina safu ya lita, safu ya kilomita za dashibodi na safu ya kilomita hizo zikizidishwa kwa 1.053, na kwa kuwa kalipa ya kushoto imeshuka mteremko uleule na ile ya kulia, mipira yake itafunguliwa na kukaguliwa pedi zitakapobadilishwa.